Kigingi Kinachoteleza

Somo: Wagalatia 6:1

Wiki hii naandika juu ya gita la kanisa. Naomba mnivumilie, maana ni gita hilo lililonifungua macho kwa jambo ambalo wengi wetu tumelinung'unikia tangu mwezi uliopita.

Mliokaa viti vya mbele mtakumbuka ile Jumapili uzi mwembamba wa chini ulivyokuwa ukilegea katikati ya wimbo. Naukaza, unashika ubeti mmoja, unalegea tena. Kigingi chake kilikuwa kinateleza. Sasa mimi, badala ya kulipeleka kwa fundi, Jumamosi nikanunua supagluu dukani, nikautuni uzi vizuri, halafu nikatia matone mawili kwenye kigingi. Kikashika. Kesho yake tukaabudu bila shida, na nikapongezwa.

Shida ilikuja Jumapili ya pili. Sisi wa Pwani tunajua gita lililotuniwa alfajiri, unyevu wa bahari ukiwa bado hewani, halisemi vile vile saa sita chini ya mabati. Nyuzi zote zikahama kidogo, nikazirudisha moja moja, isipokuwa ule mmoja. Kigingi chake hakikukubali kuzunguka hata kidogo. Basi kigingi kilichoshika kuliko vyote ndicho kilichokuwa kinaharibu wimbo.

Nikalipeleka Malindi kwa mzee mmoja fundi wa mbao, anayetengeneza pia ala za udi za wapiga taarabu. Najua kuna ndugu watakaouliza kwa nini chombo cha madhabahuni kipelekwe kwa Mwislamu. Jibu langu ni fupi: Sulemani alimwita Hiramu, fundi wa shaba, kutoka Tiro (1 Wafalme 7), na nyumba ya Mungu ikasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ni nani aliyekigandisha hichi?"

Nikasema ni mimi. Hakunicheka. Akapasha moto chuma cha kulehemu, akakigusisha pole pole mpaka gundi ikalainika, akakizungusha kigingi huku na huku, akakitazama. Meno yake yalikuwa mazima. Kumbe ni zile skrubu mbili ndogo zinazokishikilia kwenye kichwa cha gita. Mbao ilikuwa imelika, matundu yamepanuka, na kila nikikaza uzi, chuma chote kinasogea. "Kigingi chako kizima," akasema. "Kimekosa pa kushika." Akachonga vijiti, akavipaka gundi ya mbao, akavijaza matunduni, akaniambia nirudi kesho. Nyuzi sita za chuma zikikazwa sawasawa huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70, na gundi mbichi haiwezi kuhimili hilo.

Kabla sijaondoka akanionyesha udi. Udi hauna skrubu wala meno. Kigingi chake ni mti uliochongwa ukawa mwembamba kuelekea nchani, ukaingizwa katika tundu la mti mwingine, basi. Unashika kwa kusuguana tu. Kikiteleza, hupakwa chaki. Kikikwama, hupakwa sabuni kavu. Nikamuuliza mbona wasikigundishe. Akaniangalia kama niliyeuliza mbona mlango usipigiliwe misumari. Kigingi, akasema, lazima kizunguke na lazima kishike, yote mawili.

Sasa nije kwa lile tunalonung'unikia. Kijana wa timu ya sifa alitumia pesa za mchango wa spika. Amekiri, na ameniruhusu niandike bila jina. Kikaoni nilikuwa mmoja wa waliosema kwa sauti kubwa: asimamishwe mbele ya kanisa, aape, na asishike kitu cha kanisa tena kamwe. Nilitaka dawa itakayoshika. Lakini njiani kurudi kutoka kwa yule mzee, ndani ya matatu, swali likanikaa kooni. Mtu asiyeiba kwa sababu hatuweki tena chochote mkononi mwake, ameacha wizi? Au tumemgandisha tu? Mungu hakuuzungushia ua ule mti wa bustanini. Angeweza. Aliwapa neno, akawaachia mikono yao huru, na mpaka leo tunalia kwa yaliyotokea. Hata hivyo utii wa mtu asiye na njia ya kukosa sijui tungeuita nini.

Ila wapo wanaosema rehema, rehema, yaishe. Hao nao wanapaka sabuni kigingi kinachoteleza. Mama anayeuza mahamri stendi alitoa mchango wake kutoka kwenye faida ya asubuhi, na yeye hadai mfano wa gita, anadai pesa zake zifanye kazi aliyozitolea. Ana haki. Pesa zirudi, hata kama ni mia tano mia tano. Zakayo hakungoja kudaiwa.

Na sisi je? Tulimpa kijana asiye na kazi fedha taslimu, msimu ambao hoteli zimewapumzisha watu, akae nazo nyumbani miezi mitatu, bila kitabu, bila mtu wa pili wa kuhesabu. Paulo mwenyewe alipobeba mchango wa watakatifu alikataa kuubeba peke yake, akataka ndugu wengine waende nao ili mtu asipate la kumlaumu (2 Wakorintho 8:18–21). Mtume Paulo! Sisi tukamwachia mtoto wa miaka ishirini. Hapa mfano wangu unachechemea, nakubali: kigingi hakichagui, mtu huchagua, na yeye alichagua. Lakini mbao iliyolika ilikuwa yetu.

Katika Wagalatia 6:1, neno la Kiyunani la kumrejesha aliyeanguka ni lile lile linalotumika Marko 1:19, pale Yakobo na Yohana wanapotengeneza nyavu zao. Nenda Mayungu jioni utaona kazi yenyewe. Wavuvi wametandaza wavu mchangani, wanautafuta mpasuko kwa vidole. Hakuna anayeutukana wavu. Na hakuna anayeshuka nao baharini kabla haujashonwa.

Alhamisi kikao kitakaa tena, na nitaondoa pendekezo langu la kwanza. Nitaomba alipe kila mwezi, kitabu kiwepo, na wahesabuji wawe wawili, mmoja wao mama wa mahamri akikubali. Nitaomba arudi kupiga gita baada ya muda ambao kikao kitaona unafaa, maana mbao yenye gundi mbichi haikazwi siku ile ile. Kuhusu kushika pesa, bado sitaki azikaribie. Nimeomba juu ya hilo wiki nzima na sijajua kama ninachokisikia ni hekima ya Bwana au ni ile supagluu yangu tena. Mwenye neno la kunishauri anione baada ya ibada ya Jumatano jioni.