Nguvu Isiyouliza Swali

Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, inamtetea mtu ambaye hata jina hakupewa. Ameingia msituni na jirani yake kukata miti, ameinua shoka, chuma kimechomoka kwenye mpini, kimempiga jirani, jirani amekufa. Sheria inamruhusu akimbilie mji wa makimbilio apate kuishi, kwa sababu hakuwa na chuki naye tangu zamani. Nimewafundisha vijana wa kipaimara habari hiyo kwa miaka mingi, na hakosekani mmoja wa kuuliza: kama hana hatia, anakimbia nini? Zamani nilijibu kwamba anamkimbia mlipiza kisasi, na jibu hilo ni sahihi. Siku hizi naongeza jingine. Chombo kilichokuwa mkononi mwake kimetenda jambo kubwa kuliko nia yake, na tendo likishaizidi nia, kusema "sikukusudia" hakumfufui mtu.

Nimeanza kuongeza hilo tangu nilipotaka kununua chenso kubwa.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi nje kidogo ya mji wa Njombe, ambako ikifika Juni na Julai, nyumba isiyo na kuni haikaliki. Huku karibu kila mwenye eneo ana miti. Kampuni ya miwati ilianza kazi Kibena mwaka 1949, na wazee wetu walioona miti ikileta fedha walipanda kila kona: miwati, misindano, mikaratusi. Baba yangu alipanda mikaratusi kwenye ukingo wa bonde, juu tu ya vinyungu vyetu, yaani bustani za bondeni, mahali pabaya kuliko pote. Mti ule unakunywa maji kupita kiasi. Viongozi na wazee wa huku wamekuwa wakihimiza mikaratusi iondolewe kwenye vyanzo vya maji, ipandwe mivengi, miti ya asili inayotunza maji. Kwa hiyo kuikata ile ya baba ni wajibu, wala sijapata kuona anayenibishia.

Tatizo lilikuwa unene wake. Ule mkubwa kuliko yote, mtu mmoja hakuweza kuukumbatia vidole vikakutana. Chenso niliyokuwa nayo ilikuwa ya cc 32, baa yake ya inchi 14, yaani ule ubapa unaobeba mnyororo. Ni mashine ya kukatia matawi na kuni za jikoni. Nikaanza kuitamani ya cc 72 yenye baa ya inchi 25, ile wanayobeba vijana wa mbao wanaokwenda Mufindi. Mke wangu akaniuliza swali moja tu: "Baba, hiyo ndogo imekosa nini?"

Nikaipeleka kwa fundi mjini nipate ushahidi dhidi yake. Kijana aliniamkia, nikaitikia marahaba, akaiwasha na kuigusisha kwenye gogo lililokuwa mlangoni. Akaizima, akachota kilichoanguka chini akanionyesha kiganjani. Kilikuwa laini kama sembe. "Mwalimu, hii inatoa unga. Mnyororo wenye meno hutoa vipande." Akachukua tupa ya duara, akakaa kwenye kigoda, akaanza kunoa jino moja moja, akisukuma tupa kutoka ndani kwenda nje bila kuirudisha nyuma juu ya jino, mapigo sawa kwa kila jino. Akamaliza meno ya upande mmoja, akageuza mashine, akaja upande wa pili. Alipoigusisha tena kwenye gogo, vikaruka vipande vinene vya mti, na mashine ikazama yenyewe bila kukandamizwa.

Mhubiri alikwisha kuliona hilo, sura ya 10: chuma kikiwa butu na mtu asikinoe, itambidi atie nguvu zaidi. Kuna pia kisa cha Marekani kinachoongeza ladha. Mwaka 1946, mkata miti wa Oregon aitwaye Joseph Cox alimtazama buu wa mdudu akitafuna kisiki, na akaona taya zake zinakula kulia na kushoto, kwa kufuata nyuzi za mti na kwa kuzikata vilevile. Akatengeneza mnyororo wenye meno yaliyopinda kwa mfano wa taya hizo, na minyororo inayouzwa leo, hata hii ya Njombe, ni wajukuu wa wazo lile. Buu asiye na mfupa ndiye aliyemfundisha mwanadamu kwamba mti hukatwa na umbo la jino kabla haujakatwa na nguvu ya injini.

Baada ya tupa ile, nusu ya tamaa yangu iliyeyuka. Nusu ya pili ikabaki, na ndiyo ninayotaka kuisemea hapa.

Mahubiri ya kawaida yangeishia kwenye tupa: noa ulichonacho, ridhika, tamaa mbele mauti nyuma. Nimesikia mahubiri hayo, na mengine nimeyahubiri mwenyewe. Kwa mkaratusi wa baba hayafai. Chenso ndogo kwenye shina kubwa inamlazimisha mtu azunguke mti, aingize baa huku, aitoe, aingize kule, mikono imechoka, ncha ya baa imejificha ndani ya mti asikoona. Na ncha ya juu ikigusa mti vibaya, mashine hurushwa kuelekea usoni kabla mtu hajajua kilichotokea. Wakati wote huo amesimama chini ya mti uliokwisha katwa nusu, na hapo ndipo mahali pabaya zaidi pa kusimama duniani. Kwenye mti mkubwa, mashine ya saizi yake ni busara. Kiasi kinapimwa kwa kazi iliyopo, na kazi yangu ilikuwa kubwa. Kwa hiyo mashtaka ya tamaa nayafuta. Nina mashtaka mengine.

Injini ya cc 72 hutoa karibu kilowati 3.9. Mtu mzima mwenye afya, akifanya kazi ya mikono kutwa nzima, hutoa kama wati 75. Gawanya. Ukivuta ile kamba ya kuwashia umeita vibarua zaidi ya 50, wote wameshika upande mmoja, wote wanakutii. Hata ile ndogo yangu ilikuwa na vibarua karibu 20. Na katika hao wote hakuna mwenye mdomo.

Nikiwa kijana, kuangusha mti mkubwa ilikuwa kazi ya kualikana. Wanaume walikuja na mashoka, ulanzi ukawekwa kivulini, wakakata kwa kupokezana. Kati ya pigo na pigo kulikuwa na maneno: mti utalalia wapi, mbao zitatoka ngapi, nani atachukua matawi. Mpakani mwa shamba letu kuna mzambarau pori wenye kovu chini ya goti. Siku lilipopatikana kovu hilo, mashoka ya baba na wenzake yalikuwa yameshazama kina cha kiganja alipopita bibi mmoja na mzigo wa majani kichwani, akasimama, akauliza: "Huu nao mkiuangusha, ng'ombe watapumzika wapi mchana?" Hakuna aliyemjibu. Baba alilaza shoka chini, wakanywa, wakahamia mti mwingine. Gome limejikunja kuizunguka ile mipasuko kama pindo la shuka, na mti unazaa zambarau hadi leo. Bibi yule aliwahi kwa sababu shoka lilikuwa linachelewa.

Hilo ndilo jambo lenyewe. Kukata mti kwa shoka ni kuamua upya kwa kila pigo. Anayechoka anapata nafasi ya kufikiri, anayepita anapata nafasi ya kusema, na mti uliojeruhiwa bado unaweza kusamehewa. Chenso kubwa inakata shina lile lile katika muda ambao bibi hajafika hata njia panda. Na hata angefika, asingesikika. Mashine hiyo inapiga kelele ya desibeli kama 110, na mkataji mwenye akili amefunika masikio. Anayepata nguvu hiyo anaipata pamoja na uziwi. Kinachotoweka hapo ni muda wa kughairi.

Muda huo una uzito katika imani. Luka, sura ya 13, ana mfano wa mtini usiozaa. Mwenye shamba amekuja kutafuta tini miaka mitatu, hakupata, anaamuru ukatwe. Kwa haki yote mti ni wake na hesabu yake ni sahihi. Lakini amri ile inapita kwa mtunza shamba, na mtunza shamba anafungua mdomo: bwana, uache mwaka huu nao, niupalilie, niutie samadi, usipozaa ndipo uukate. Tumezoea kuhubiri mfano huo tukitazama uvumilivu wa Mungu. Mimi nautazama ule mwanya kati ya amri na shoka. Rehema yote ya mfano ule imeingilia kwenye mwanya huo. Mtini ungekabidhiwa vibarua 50 wasio na mdomo, mwenye shamba angemaliza sentensi yake na mti umeshalala.

Hans Jonas, mwanafalsafa Myahudi aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1903, alilisema hilo kwa upana wa dunia nzima katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wajibu. Hoja yake ni kwamba maadili ya kale yalitungwa kwa ajili ya watu ambao matendo yao hayakufika mbali. Teknolojia imerefusha mkono wetu, na kwa sababu hiyo kuona mbele, ambako zamani kulikuwa hekima ya wachache, kumekuwa deni la kila mtu. Yeye alikuwa akiwaza viwanda na mabomu. Nami naona hoja yake inatosha kwenye boma la mstaafu. Muda ambao chombo kimeuondoa wakati wa kazi, ni juu ya mwenye chombo kuurudisha kabla ya kazi.

Chenso nimeinunua. Na pamoja nayo nimeweka ndoo ya chokaa. Mti unaotakiwa kuanguka unazungushiwa pete nyeupe kwa brashi, usawa wa kifua, uonekane kutoka njiani. Kisha unaachwa mpaka Ijumaa na Jumapili zipite, kwa maana majirani zangu wengine wanakwenda msikitini na wengine kanisani, na watu wakitoka ibadani hupita taratibu na kuongea. Mwenye neno anakuja. Mti wa kwanza kupakwa chokaa ulikuwa ule mkaratusi mnene wenyewe. Akaja mtoto wa nyumba ya chini: "Shikamoo babu. Bibi anasema mule juu mna nyuki wake." Kweli, mzinga ulikuwa umetundikwa kwenye tawi la nyuma, upande ambao mimi sipiti. Tukasubiri bibi arine asali, mzinga ukahamishwa usiku, ndipo mti ukaanguka.

Vijana huja kuazima. Kwa shoka nisingesita. Wafalme wa Pili, sura ya 6, ina mwanafunzi wa manabii aliyelia kichwa cha shoka kilipozama mtoni, kwa kuwa kilikuwa cha kuazima, na Elisha akamwonea huruma. Lakini anayeazima chenso yangu anaazima watu 50, na mti wake sijauona una pete au hauna. Kwa hiyo nawaambia: pakeni chokaa, muda wake upite, nitakuja nayo mwenyewe. Wengine wanacheka na kwenda kukodi kwingine. Wengine wanapaka.

Rafiki yangu ustadhi, mstaafu kama mimi, anaona nimetia chumvi. Kwake yeye jibu la kukata ni kupanda. Ananikumbusha hadithi ya Mtume kwamba hata Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi, akiweza aupande. Nakubaliana naye, na mivengi ukingoni tumeipanda pamoja. Ila kupanda kunalipa mti. Bibi aliyepita na majani kichwani hakudai mti mwingine, alidai asikilizwe kuhusu huu. Akanibana kwa upande wa pili: "Mwalimu, chokaa yako ni sheria ya mtu mmoja. Wewe ukiondoka, mashine itabaki na ndoo itawekwa maji ya kuku."

Hapo alinishika, kwa sababu ni kweli vyombo hurithiwa kirahisi kuliko tabia za waliovishika. Baba aliniachia shoka na shamba, na desturi ya kusimama mtu anapouliza niliipata kwa kuwa tu nilikuwepo siku ile. Siwezi kutegemea kwamba mwanangu wa Dar es Salaam atakuwepo siku ya namna hiyo. Basi nimeliandika kwenye karatasi ya usia, chini ya shamba na juu ya baiskeli: chenso na ndoo ya chokaa virithiwe pamoja, na asiyetaka ndoo asipewe chenso.