Mapumziko ni ya Nani?

Kiangazi kimewadia. Wenye mashamba wamekwisha kuvuna, na watoto wamerudi likizo. Katika majira haya familia nyingi hupata Jumamosi na Jumapili zilizo tulivu kuliko nyingine za mwaka. Twapenda basi kuwauliza wasomaji wetu wapenzi: siku hizo mbili huwaje nyumbani kwenu?

Hayati Papa Fransisko, katika barua yake ya tarehe 17 Julai 2024 juu ya kusoma vitabu vya fasihi, alitaja wakati kama huu: likizo, joto, mtaa mkimya, na kitabu kizuri kinachomwepusha mtu na mambo yasiyomfaa. Alijua anenalo, kwani miaka ya 1964 na 1965 alifundisha fasihi katika shule ya Wayesuiti mjini Santa Fe, Argentina. Naye Mtakatifu Inyasi wa Loyola, alipovunjwa mguu kwa mzinga huko Pamplona mwezi wa Mei 1521, alilala kitandani nyumbani kwao kiangazi kile akitaka hadithi za mashujaa wa vita. Hazikuwamo nyumbani. Akapewa kitabu cha maisha ya Kristo na kingine cha watakatifu, akavisoma kwa kukosa vingine. Akaondoka kitandani mtu mpya. Waliompikia na kumfulia siku zile hatusomi mengi juu yao.

Hapo ndipo tulipotaka kufika. Jumamosi ina shughuli zake: kwenda mashine kusaga, kwenda sokoni, kufuata sare kwa fundi, kumpelekea bibi dawa. Katika nyumba nyingi baba huketi kivulini na gazeti lake (pengine ni hili letu), kijana yu na simu yake, na mama pamoja na msichana wa kazi wako njiani tangu alfajiri. Jumapili wakitoka Misani, hao wawili huingia jikoni moja kwa moja. Nyumba hiyo imepumzika? Nusu yake tu.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, haiagizi pumziko kwa mwenye nyumba peke yake. Yamtaja mwana, binti, mtumishi wa kiume na wa kike, hata ng'ombe na punda. Tena yatoa sababu, kwamba mtumishi apumzike kama bwana wake, maana Israeli nao walikuwa watumwa Misri. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1247, yataka waamini waache kazi zinazozuia ibada, furaha ya siku ya Bwana, na pumziko la roho na mwili. Haikumtoa humo msichana aliyeletwa mjini kutoka kijijini.

Wako wanaume watakaotujibu kwa habari ya Martha na Maria, eti kazi ni za Martha. Jibu hilo hatulikubali. Aliyeketi kusikiliza alikuwa mwanamke, na Bwana alimtetea asiondolewe pale. Tangu 2021 Kanisa huwakumbuka pamoja Martha, Maria na Lazaro tarehe 29 Julai. Kama Lazaro alisaidia kuteka maji, Injili haisemi.

Yafaa baba achukue debe la mahindi aende mashine yeye mwenyewe. Foleni ya mashine ni ndefu, na kitabu kidogo chaingia mfukoni. Kijana aende sokoni, hata akirudi na nyanya mbovu mara ya kwanza. Jumapili chakula kiwe chepesi, kilichoandaliwa jana yake na mikono mingi. Na mchana, msichana wa kazi apewe saa zake mbili, apewe na kiti cha barazani, aulizwe apenda kusoma nini. Asipojua kusoma vema, yuko mtoto wa sekondari humo humo nyumbani, na likizo yake haijaisha.