Daktari Aliyesikia Saa 3

Daktari mmoja wa Dar es Salaam, aliyekuwa akisomea ubingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, alisomea ndani ya basi la mwendokasi. Kila jioni alisikiliza podikasti za mabingwa wa Uingereza na Marekani, tena kwa kasi ya kuongezwa ili vipindi viwili viishe kabla ya kufika Kimara. Simlaumu. Anayeshinda leba na kukesha zamu atafungua jarida saa ngapi?

Kipindi kimoja kilieleza utafiti wa WOMAN uliochapishwa mwaka 2017, wenye wanawake zaidi ya 20,000: mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua apewe asidi ya traneksamiki ndani ya saa 3. Daktari akaondoka na hizo saa 3.

Usiku mmoja mkunga alitazama mfuko wa kupimia damu, wa aina iliyojaribiwa Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini. Ulishafika mililita 500, na oksitosini inaendelea.

"Dokta, nimpe na traneksamiki?"

"Subiri kwanza, Sista, tuone oksitosini. Hiyo ina saa 3 nzima."

Akaenda kumshona mama mwingine. Aliporudi, karibu saa nzima ilikuwa imepita na damu haijakatika. Mama alinusurika, lakini baada ya kukimbizwa chumba cha upasuaji, na ndugu zake kuamshwa usiku wa manane waje kutoa damu.

Kwenye kikao cha asubuhi bingwa wake hakugomba. Aliweka mezani mchoro wa uchambuzi uliofuata mwaka 2018: kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida ya dawa kwa takriban asilimia 10, hadi saa ya 3 faida hiyo inapoisha kabisa. Huenda kipindi kilisema hivyo pia, kwa sentensi moja iliyopita mbio wakati abiria wanasukumana kushuka Magomeni.

Wodi ile haikupiga marufuku podikasti. Ila anayeleta kipimo cha dawa alichokisikia hukileta na ukurasa kilipoandikwa, na wakunga nao wausome. Wa kwanza kuitwa kufanya hivyo alikuwa daktari yule: gramu 1 mshipani, polepole kwa dakika 10, irudiwe ikiwa damu inaendelea baada ya dakika 30.

Mkunga akanyoosha mkono. "Sasa Dokta, mbona dawa yenyewe tunaifungia stoo?"

Kabla ya zamu ya usiku ilikuwa kwenye sanduku la dharura la leba.