Kuilinda Roho Juu ya Paa: Wajibu wa Mwezekaji na wa Mwenye Nyumba

Bismillahi Rrahmani Rrahimi. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baad. Roho ya mwanadamu ni amana. Mwenyezi Mungu amemkopesha mja, wala hakumpa kuwa mali yake aitumie apendavyo. Katika Sura ya Baqara, aya ya 195, amewakataza waja kujitupa katika maangamizo kwa mikono yao, na katika Sura ya Nisaa, aya ya 29, amewakataza kujiua. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijria, sawa na 1111, ameitaja roho katika mambo matano ambayo sheria imekuja kuyahifadhi. Makatazo haya hayakumhusu mwenye kunywa sumu peke yake. Yamhusu pia fundi mwezekaji apandaye ngazi iliyooza hali akiijua kuwa imeoza, na yamhusu mwenye nyumba aliyempandisha.

Watu wengi, akianguka fundi, husema, "Ajali haina kinga," kisha wakaenda zao. Neno hili lina maana mbili. Likiwa maana yake ni kwamba ajali aliyoiandika Mwenyezi Mungu haitangulii wala haichelewi, hiyo ni kweli, na kuiamini ni wajibu. Lakini likiwa maana yake ni kwamba hapana haja ya kufunga ngazi wala kuvaa mshipi, hilo ni kosa kubwa. Mja hakuonyeshwa ajali yake ilipoandikwa. Alichoonyeshwa ni sababu, na hizo ndizo alizoamrishwa kuzishika. Imamu Tirmidhi amepokea habari ya mtu aliyemwuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake kisha ategemee, au amwache huru na kutegemea. Akaamrishwa amfunge kwanza, ndipo ategemee. Na Sayyidna Umar, katika ukhalifa wake (634–644), alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, alirejea na watu wake. Abu Ubaida bin al-Jarrah alipomwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, alimjibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Basi kuangukia chini ni kadari, na kuzuiwa na kamba pia ni kadari. Mwenye akili huikimbilia hii ya pili.

Wala asidhani mtu kwamba dini haikulitaja paa lenyewe. Imamu Abu Daud amepokea katika Sunan yake kwamba Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa mwenye kulala usiku juu ya sakafu ya nyumba isiyo na kizuizi, dhima imemtoka. Huyo ni mtu aliyelala, hana mzigo mkononi, na sakafu yake ni tambarare. Itakuwaje kwa mtu asimamaye juu ya mabati ya mteremko, yenye umande, nyundo mkononi na misumari mdomoni? Hapana shaka huyu ana haja zaidi ya kizuizi kuliko yule.

Wala asiseme mtu kwamba nyumba ni fupi. Aangukaye kutoka kimo cha mita 3 hufika chini kabla ya kutimia sekunde moja, na mwendo wake hapo hukaribia kilomita 28 kwa saa. Muda huo haumtoshi mtu kuyamaliza maneno mawili ya shahada. Kwa ajili hiyo, huko Marekani sheria yataka mwezekaji wa nyumba za kukaa akingwe asianguke tangu kimo cha futi 6, yaani kisichotimia mita 2.

Kwanza ni ngazi. Yapasa itazamwe kila asubuhi kabla ya kupandwa: vipandio vyote viwepo, visiwe vimelegea wala kupasuka. Ngazi ya mbao isipakwe rangi, kwani rangi huficha ufa. Isimamishwe juu ya ardhi ngumu iliyo sawa, si juu ya pipa wala matofali yaliyopangwa. Kipimo chake ni hiki: kwa kila dhiraa 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi uwe mbali na ukuta dhiraa 1. Ikiwa wima zaidi ya hivyo humwangusha mtu kinyumenyume, na ikilala zaidi huteleza chini. Kichwa cha ngazi kipite ukingo wa paa kadiri ya mita 1, nacho kifungwe kwa kamba. Mpaka kitakapofungwa, mtu mmoja aishike chini. Mpandaji aielekee ngazi, na katika mikono yake miwili na miguu yake miwili, vitatu viwe vimeishika daima. Vyombo vivutwe kwa kamba baadaye. Na ngazi ya chuma isikaribishwe kabisa kwenye nyaya za umeme.

Pili ni paa. Mabati yaliyoliwa na kutu, vigae vya zamani vya asbesto, na fito za makuti zilizotobolewa na wadudu, vyote hivyo humhadaa mtu kwa sura yake ya nje. Asikanyage mtu juu yake bila ya mbao za kugawanya uzito. Penye ukingo pawekwe jukwaa lenye vizuizi, au fundi avae mshipi upitao mabegani na mapajani, si kamba ya kiunoni, kwani hiyo humkata mwenye kuanguka. Kamba ya mshipi ifungwe kwenye kenchi au boriti madhubuti, wala si kwenye mfereji wa maji ya mvua, na iwe fupi kadiri ya kumzuia kabla hajaifikia ardhi. Akining'inia, ateremshwe kwa haraka, kwani damu hukusanyika miguuni. Na aliyekwisha fika chini asinyanyuliwe wala asiketishwe, huenda uti wa mgongo umevunjika. Aachwe alivyo, ila akiwa penye hatari nyingine, na waitwe waganga. Mvua ikinyesha au upepo ukivuma kwa nguvu, kazi isimame.

Na katika Ramadhani, mwezekaji asipande hali kizunguzungu kimemshika. Imamu Adhrai, katika wanachuoni wa madhehebu ya Shafii, ametoa fatwa juu ya wavunaji: wanalazimika kutia nia kila usiku, kisha atakayepatwa na mashaka makubwa mchana atafungua. Kazi ya paa yafanana na hiyo. Na bora ni kuianza alfajiri na kuiacha kabla jua halijawa kali.

Ama mwenye nyumba na mkandarasi, wao wana hesabu yao. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijria, sawa na 1277, ametaja katika Minhaj mas'ala ya mtu aliyempigia ukelele mtoto asiyepambanua mambo, naye yuko ukingoni mwa paa, mtoto akaanguka akafa: diya nzito imelazimu juu ya akila ya mwenye ukelele. Akiwa aliyepigiwa ukelele ni mtu mzima, kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba hapana diya. Asifurahi mwenye mali kwa kauli hii. Kukosekana diya duniani si kukosekana dhambi akhera. Tena sheria za serikali zimemtwika mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyao kazi: Tanzania Bara kwa sheria ya mwaka 2003, na Kenya kwa sheria ya mwaka 2007.

Huenda mwenye nyumba akajitetea, "Fundi aliridhia mwenyewe." Jawabu ni kwamba ridhaa haihalalishi alichokiharamisha Mwenyezi Mungu, wala mtu hawezi kutoa ruhusa katika amana isiyo yake. Na fundi aliyeacha watoto nyumbani bila ya chakula, je, ameridhia yeye au imeridhia njaa yake? Mtu hupunguza bei mpaka fundi asibakiwe na thamani ya kamba, kisha akamwona jasiri kwa kupanda bila ya kamba. Ule si ujasiri wa fundi. Ni ubahili wa mwenye nyumba. Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru na kulipizana madhara, na Imamu Nawawi ameiweka hadithi hiyo ya 32 katika Arubaini yake.

Basi na apime kila mtu. Upande mmoja ni kamba, mshipi na saa moja ya kufunga ngazi. Upande wa pili ni mjane akaaye eda miezi minne na siku kumi, na mayatima waulizao baba amekwenda wapi. Paa lililokwisha ezekwa hukinga mvua miaka mingi; lakini mwenye nyumba atalalaje chini yake, hali ajua liligharimu roho ambayo kamba ingeiokoa?

Mwenyezi Mungu awahifadhi wafanyao kazi za juu, na awajaalie wenye mali kuwa waadilifu kwa waliowaajiri. Amin. Wallahu aalam.