Jina Moja, Deni la Nani?

Mwishoni mwa mwaka 1977, kampuni ya TSR, iliyokuwa katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani, iliongeza neno moja mbele ya jina la mchezo wake. Mchezo uliitwa Dungeons & Dragons. Mpya ukaitwa Advanced Dungeons & Dragons. Ukisikia hivyo unadhani ni mambo ya simu: mwaka huu namba nane, mwaka ujao namba tisa, maisha yanaendelea. Lakini neno hilo moja lilikuwa na kazi nyingine. Lingeamua nani analipwa na nani halipwi.

Kwa ambaye hajawahi kucheza: watu wanne au watano wanakaa mezani. Kila mmoja ana mhusika wake, labda mpiganaji, labda mchawi. Mmoja wao ndiye msimamizi, na kazi yake ni kuwaeleza wenzake kwamba mmefika mlangoni mwa pango na ndani kuna kitu kinapumua. Mnasema mnafanya nini, mnarusha dadu, hadithi inasonga. Hakuna anayeshinda. Mnarudi wiki ijayo kuendelea.

Jalada la 1974 lilikuwa na majina mawili: Gary Gygax na Dave Arneson. Arneson, kijana wa Minnesota, alikuwa akiwachezesha marafiki zake katika ulimwengu aliouita Blackmoor, ambako kila mchezaji alikuwa na mhusika mmoja wa kushuka naye chini ya ardhi, na mhusika huyo alizidi kuwa hodari kadiri alivyorudi akiwa hai. Gygax alizichukua noti za Arneson, akaongeza zake, akazigeuza kuwa kitu ambacho mtu asiyewajua anaweza kusoma na kucheza. Kisha akahakikisha kimechapishwa. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000, kisanduku chenye vijitabu vitatu. Mmoja alikuwa na cheche, mwingine akakusanya kuni. Ukiniuliza moto ni wa nani, nitakwambia ni wa wote wawili.

Arneson aliondoka TSR mwaka 1976. Mwaka uliofuata vitabu vya Advanced vikaanza kutoka, vikiwa na jina la Gygax peke yake. Msimamo wa kampuni ulikuwa kwamba huu ni mchezo mwingine, na mrabaha wa Arneson unahusu ule wa zamani tu. Mwaka 1979 Arneson akaenda mahakamani. Mwaka 1981 wakapatana.

Sasa, ni rahisi kusema TSR walikuwa wezi, tukamaliza hapo. Lakini tuwe wakweli: michezo hiyo miwili ilikuwa na tofauti. Kwa miaka mingi iliuzwa sambamba madukani. Katika kisanduku cha 1981 kisicho na neno Advanced, elfi, yule kiumbe wa hadithi za Ulaya mwenye masikio yaliyochongoka, ni kazi kamili. Ukiwa elfi, basi, unapigana na unafanya uchawi, hakuna cha kuchagua zaidi. Katika Advanced, elfi ni kabila lako tu. Bado lazima uchague kama wewe ni mpiganaji, mwizi au mchawi. Kule mhusika ana misimamo mitatu ya maadili, huku ana tisa. Kikundi chetu hapa Nairobi kimewahi kukwama papo hapo: mmoja amekuja na kanuni za 1981 kwenye simu, mwingine amezoea za 2014, kila mtu anaapa kwamba anacheza Dungeons & Dragons. Na hakuna anayedanganya.

Kwa hivyo swali la kama ni mchezo uleule halina mwisho. Ukitaka kufanana, utaona kufanana. Ukitaka tofauti, utazihesabu hadi asubuhi. Ndiyo maana naona swali lenyewe ni baya, na linampendelea mwenye wakili mzuri. Swali ninalolitaka ni jingine: kama kweli ni mchezo mwingine, kwani mbona hukuupa jina lingine?

Jibu tunalijua. Jina lilikuwa linauza. Watu walikuwa wameshalipenda, na mapenzi hayo yalitokana na kazi ya watu wawili. TSR ilitaka kubeba mapenzi na kuliacha deni mlangoni. Ilipoongea na wateja, huu ulikuwa mchezo wao wanaoupenda, sasa umekua. Ilipoongea na Arneson, huu ni mchezo mwingine kabisa, bana, wewe unadai nini?

Waswahili wana neno wajina: mtu mnayeitwa jina moja. Na kwa Wagikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake. Mtoto hafanani na babu. Labda babu alikuwa mfugaji na huyu ataishi Umoja akitengeneza simu. Hakuna anayesema ni mtu yuleyule. Lakini jina hilo halikuokotwa barabarani. Ukilibeba, kuna watu ambao sasa wana haki ya kukuuliza umekula na umewasalimu nani. Jina halithibitishi kwamba mnafanana. Linathibitisha kwamba mnajuana, na kujuana kuna gharama.

Mimi naandika kwa malipo. Sehemu kubwa ya maneno niliyoandika tangu niache chuo iko mahali fulani ikiwa na jina la mtu mwingine juu yake. Hiyo ni biashara, tulikubaliana bei, sina kinyongo. Lakini najua tofauti kati ya mtu anayenunua kazi yangu na mtu anayebadilisha aya mbili kisha ananiambia hii si ile uliyoniletea, kwa hivyo hatuna la kulipana. Yule wa kwanza amenunua. Yule wa pili anafanya falsafa kwa sababu anadaiwa.

Kuna waliofanya kinyume. Mwaka 2000 kampuni ya Wizards of the Coast, iliyokuwa imeinunua TSR mwaka 1997, iliruhusu wengine watumie kanuni zake kwa leseni ya wazi. Mchezo ulipobadilishwa sana katika toleo la 2008, kampuni ya Paizo iliziendeleza kanuni za awali na mwaka 2009 ikatoa Pathfinder. Mwili ni uleule, jina geni. Na kwa masharti ya leseni, nyuma ya kitabu imeandikwa kazi hii imetoka wapi na kwa nani. Hakuna aliyedanganywa.

Gygax mwenyewe jina lilimgeuka. Alipoteza usukani wa TSR mwaka 1985. Mwaka 1992 alipoandaa mchezo mpya, Dangerous Dimensions, kampuni aliyoianzisha ililalamika kwamba herufi mbili za mwanzo zinafanana na za mchezo wao. Ikabidi uitwe Dangerous Journeys, na bado akashtakiwa. Yaani kwa Arneson, kuwa na jina zima hakukutosha kuwe na undugu. Kwa Gygax, herufi mbili zilitosha.

Halafu angalia neno Advanced lilivyoondoka. Baada ya Wizards kuichukua TSR, mkuu wake, Peter Adkison, alimlipa Arneson ili suala la mrabaha liishe. Toleo la tatu likatoka mwaka 2000 likiitwa Dungeons & Dragons tu, kama mwaka 1974. Na kwa kanuni, hilo ndilo lililokuwa limekwenda mbali zaidi na vile vijitabu vitatu: sasa karibu kila jambo lilikuwa la dadu ya pande 20, na siraha bora ikawa na namba kubwa, wakati zamani ilikuwa na namba ndogo. Mchezo uliofanana kidogo zaidi na wa Arneson ndio uliorudishiwa jina la Arneson. Kufanana hakukuwa na kazi yoyote hapo. Kilichofanya kazi ni hundi.

Gygax alifariki mwaka 2008, Arneson mwaka 2009. Mchezo umepata matoleo mengine tangu hapo, na utapata mengine. Wasee watabishana mtandaoni lipi ndilo la kweli, nami nitabishana nao kwa sababu napenda. Ila mtu akiniambia kazi yake ni mpya kabisa, ingawa ameiacha na jina la zamani, sitahesabu kanuni zilizobadilika. Nitamuuliza waliolijenga jina hilo wamelipwa.