Dawa Nayo Hupumzishwa

Mababu wa Kimatengo hawakulima shamba mpaka likachoka. Kwenye miteremko ya Mbinga, hapa Ruvuma, wanaume walifyeka majani na kuyapanga miraba, wanawake wakachimba mashimo ya ngoro na kuyafukia. Yakaja maharage, yakafuata mahindi, kisha ardhi ikaachwa ipumzike.

Dawa ya malaria nayo inataka desturi hiyo, na ushahidi uko ng'ambo ya Ziwa Nyasa letu. Mwaka 1993 Malawi iliiacha klorokwini, ile iliyowasha watu mwili mzima, kwa kuwa vimelea vilishaizoea. Ikaingia dawa nyingine, SP. Mwaka 1992 vimelea vyenye alama ya usugu wa klorokwini vilikuwa kama 85 kwa kila 100. Kufikia 2000 vilibaki 13. Mwaka 2006 yakatoka matokeo ya Blantyre: katika watoto 80 waliotibiwa kwa klorokwini, ilishindwa kwa mmoja tu. SP, iliyokuwa kazini miaka yote hiyo, ilifaulu kwa watoto 21 tu katika kila 100.

Usugu ni mzigo kwa kimelea. Dawa ikiwapo, kimelea sugu hubaki kikitamba peke yake. Ikiondoka, wenzake wasio na mzigo huzaliana na kukipita. Ila pumziko hilo halikuwa la kaya moja. Nchi nzima iliacha.

Sisi Watanzania tuliiondoa klorokwini mwaka 2001, tukashika SP, nayo ikadhoofika upesi. Mwishoni mwa 2006 tukapewa dawa mseto, ALu: moja huua haraka, ya pili hukawia mwilini na kumaliza vilivyosalia. Ndiyo maana mtu mzima humeza vidonge 24 kwa siku tatu, hata homa ikishuka kesho yake. Anayemeza nusu na kumwekea shemeji vilivyobaki huona amebana matumizi, kumbe anaviachia vimelea nafasi ya kuizoea dawa. Mchuma janga hula na wa kwao.

Watu wa Ruvuma hatuna kisingizio cha kukosa dozi kamili. Maduka ya Dawa Muhimu yalianzia mkoani kwetu mwaka 2003. Na hatari imeshaingia nchini: huko Kagera vimeshathibitishwa vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinini, ile dawa ya haraka iliyomo ndani ya mseto. Basi ndugu yangu wa Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, homa ikikushika pima kwanza zahanati, na ukikutwa na malaria, maliza dozi yako mwenyewe.