Sumu Ambayo Hakuna Aliyeitia

Wajerumani wana sheria ya bia wanayoionea fahari: ile ya Bavaria ya mwaka 1516, iliyoagiza bia ipikwe kwa shayiri, hopsi na maji, basi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa kituo cha saratani cha Heidelberg walipima sampuli 158 za bia. Takriban asilimia 70 zilikutwa na NDMA, kemikali ya jamii ya nitrosamini. Ubaya wake ulijulikana tangu 1956, pale Peter Magee na John Barnes wa Uingereza walipoonyesha kwamba panya wanaolishwa kemikali hiyo huota uvimbe wa saratani kwenye ini. Kiasi kilichokutwa kwenye bia kilikuwa kidogo, wastani wa mikrogramu 2.7 kwa kilo. Lakini bia si dawa ya kunywa kijiko kimoja, na wapo wanaoinywa kila siku ya Mungu.

Nani kaitia? Hakuna.

Ili kupata kimea, shayiri hulowekwa, ikaachwa ichipue, kisha ikakaushwa kwa hewa ya moto. Inapochipua, hutengeneza yenyewe kemikali ziitwazo amini, ambazo kwa hapo hazina neno. Viwanda vingi vilikuwa vikiikausha kwa gesi, na moshi wa muwako ukipita moja kwa moja katikati ya kimea. Moto mkali huunguza hata nitrojeni iliyomo hewani, zikatoka oksidi za nitrojeni. Oksidi hizo zikikutana na amini za mche, NDMA imezaliwa. Mtengenezaji hajachanganya chochote wala hajamdhulumu mtu. Sheria ililinda mlango, kumbe balaa lilikuwa jikoni.

Tiba yake haikuwa ya ajabu. Hewa ilianza kupashwa moto kando, nyuma ya kuta za chuma, ili moshi usiguse nafaka; wengine walichoma salfa kidogo chini ya kimea, kwa kuwa gesi yake huzuia nitrosamini kuundwa. Mwaka 1980 Marekani iliweka kikomo cha sehemu 5 kwa bilioni, na katika miaka michache viwango viliporomoka.

Kwetu mambo yanaanzia mbali zaidi nyuma, ghalani. Magharibi mwa Kenya busaa hupikwa kwa unga wa mahindi uliochachushwa na kukaangwa juu ya bati, ukachanganywa na kimea cha wimbi. Sasa chukua gunia lililonyeshewa. Punje zimeshaota ukungu wa kijani, na mwenye nazo hathubutu kuzisongea ugali, ila kuzitupa kunamuuma. Zinakwenda kwa mama pima, muuza pombe ya kienyeji. Anayeziuza anajiambia kwamba moto utaua kila kitu, na kweli ukungu wenyewe utakufa. Sumu iliyoachwa na ukungu huo, aflatoksini, haifi, maana haikuwa hai. Inastahimili bati, inastahimili kuchacha, na mdomoni haina ladha. Mwaka 2004, mahindi ya namna hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na hao walikufa kwa kula chakula cha kawaida. Anayeipata sumu hiyo kidogo kidogo haanguki siku hiyo. Ini lake ndilo linaloweka hesabu, na kama ana homa ya ini aina ya B, hatari ya saratani huongezeka maradufu na zaidi.

Kwa hiyo anayetaka kuchunga pombe ya kienyeji asimvizie mpishi kwenye sufuria. Aende kwa mkulima na turubai, mahindi yaanikwe hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5, na punje mbovu zichambuliwe, zisihamishiwe kwa jirani.

Lipo jambo ambalo turubai wala tanuri jipya haliligusi, na wanywaji hawapendi kulisikia. Mwaka 1988 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, liliviweka vileo vyenyewe kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na tumbaku na asbesto. Mwili huigeuza pombe kuwa asetaldehidi, inayoharibu vinasaba vya chembe za mwili, na saratani zinazohusishwa nayo ni pamoja na za kinywa, umio, ini, utumbo mpana na titi. Wakati huo bia ya Ujerumani ilikuwa imeshasafishwa nitrosamini kwa sehemu kubwa, na pombe yake ilikuwa ileile.